Kilichovunjika Kitupwe?

Wahenga wametuachia maneno mawili yanayovutana, nasi twaishi katikati yake. Walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Wakasema tena, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Neno la kwanza lausuta moyo wa binadamu, upendao kila king'aacho hata kikiuma. Neno la pili lauonya moyo huo huo, usije ukakiacha kilicho chake kwa ajili ya kitu kipitacho njia. Kila mtu ashikaye mkononi chombo kilichovunjika huyasikia maneno hayo mawili yakishindana ndani yake. Akitupe, anunue kingine? Au akae chini, akitengeneze?

Wengi hudhani ya kwamba hili ni swali la mfuko tu: mwenye fedha atanunua, asiye nazo atatengeneza, na mambo yamekwisha. Sisi twaona sivyo. Ni swali la haki na wajibu pia. Na ili tusiseme juu juu, twapenda kulitazama kwa njia ya chombo kimoja kidogo, ambacho huenda msomaji hajapata kukifikiria, ingawa pengine vidole vyake hukigusa kila siku. Ni kibodi, yaani kile kibao cha vitufe vya herufi kitumiwacho kuandikia katika kompyuta.

Hatusemi kibodi yo yote. Twasema zile za zamani, zilizotengenezwa wakati chombo hiki kilipohesabiwa kuwa kitu cha thamani. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa na kiwanda mjini Lexington, katika jimbo la Kentucky, kilichosifika kwa mashine za taipu za umeme. Kompyuta yake ya mtu mmoja mmoja ilipotolewa mwaka 1981, ilikuja na kibodi iitwayo Model F, na mwaka 1985 ikafuata nyingine iitwayo Model M, yenye vitufe 101, ambayo mpango wa vitufe vyake umeigwa karibu dunia nzima hata leo. Ni chombo kizito, chapita kilo mbili, na waliokijenga walikuwa na desturi za watu wa mashine za taipu: walitaka kidole cha mwandishi kijue bila shaka kwamba herufi imepigwa.

Jinsi walivyofanikiwa yastahili kuelezwa. Chini ya kila kitufe husimama kamani ndogo ya waya, ndani ya mwanzi mfupi wa plastiki. Kidole kikibonyeza, kamani hukazana pole pole. Ikifikia kiasi chake, hushindwa kusimama wima, huinama ghafula ubavuni, na kwa kuinama kwake hukipindua kinyundo kidogo kilicho chini yake. Papo hapo mambo matatu hutokea pamoja: herufi huandikwa, sikio husikia mlio, na kidole huhisi ya kuwa kazi imetimia. Ufundi huo ulibuniwa na Richard Hunter Harris, naye alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1978. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu mmoja alikaa akafikiri kwa bidii jinsi waya unavyoshindwa kusimama, akakugeuza kushindwa huko kuwe faida kwa mamilioni ya watu asiowajua.

Hata hivyo, kila kazi ya binadamu ina mahali pake padhaifu. Model F ilishikwa kwa mabamba mawili ya chuma, na kati yake ikalazwa sifongo nyembamba. Chuma kimedumu, bali sifongo imeoza ikawa unga. Model M ilikusudiwa kutengenezwa kwa gharama ndogo zaidi, na udhaifu wake ni mwingine. Sehemu zake za ndani zilifungwa pamoja kwa ribiti za plastiki. Ribiti hizo si vipande vya pekee. Ni vijiti vilivyochomoza katika kile kibao chenye mianzi, vikapitishwa katika matundu ya bamba la chuma lililo nyuma, kisha vichwa vyake vikayeyushwa kwa moto, vikatandaa kama kofia za uyoga. Kati ya kibao na bamba yamelazwa matandiko matatu membamba ya plastiki yenye njia za umeme, na juu yake blanketi la mpira.

Sasa plastiki huzeeka. Bamba lile limepindwa kidogo kulifuata umbo la kibao, kwa hiyo ribiti hubeba mvuto wake usiku na mchana, hata kama hakuna mtu anayeandika. Miaka thelathini au arobaini ikiisha kupita, kibodi huangushwa siku moja, au hugongwa tu ukingoni mwa meza, na kofia moja hukatika. Mzigo wake huchukuliwa na jirani zake; nazo, zikiwa na umri ule ule, hukatika kwa zamu. Mwenye kibodi akiitikisa husikia vipande vikicheza ndani kama mbegu katika kayamba. Kisha bamba halikazi tena vizuri, vitufe vingine hulegea, vingine huacha kuandika kabisa. Hapo ndipo swali letu laanzia.

Kitengenezwacho kinaweza kutengenezwa. Njia imekwisha kujulikana, na mafundi wa nchi nyingi wameizoea. Fundi hufungua gamba, hung'oa vitufe kimoja kimoja na kuvipanga, kisha kwa patasi kali hukata vichwa vya ribiti vilivyosalia. Bamba likiinuliwa, kamani na vinyundo vyote hulegea kwa mara moja, na pamoja navyo huonekana vumbi, nywele na makombo ya mikate ya watu ambao pengine wengine wao wamekwisha fariki. Fundi husafisha. Kisha katika kila kisiki cha ribiti hutoboa tundu kwa keekee nyembamba sana, ya kama milimita moja na nusu, na mahali pa ribiti hutia skrubu ya milimita mbili pamoja na nati yake. Mwisho hurudisha vinyundo vyote, kila kimoja mahali pake, akalaza mpira na matandiko, akafunga. Kinyundo kimoja kikilala upande, kitufe chake hakitalia. Na mara nyingi fundi hulijua hilo baada ya kukaza skrubu ya mwisho. Hana budi kufungua tena. Ni kazi ya saa nyingi, nayo haimpendi mwenye haraka.

Je, kazi hiyo ni ya akili, au ni upuzi? Mtu aweza kununua kibodi mpya kwa fedha kidogo kuliko ujira wa fundi huyo. Kwa nini tujitaabishe?

Jibu la kwanza linalotujia ulimini ni kusema: "Ni kwa sababu kitu kizuri chastahili heshima." Lakini tujihadhari na jibu hilo. Kitu hakina nafsi. Kibodi haijui kama imetunzwa au imetupwa, haisikii uchungu, wala haitudai. Mtu asemaye ya kwamba twawiwa na chuma na plastiki amepotea njia, tena amepotea kwa hatari, kwani yule aanzaye kukipa kitu heshima impasayo mtu, punde si punde atampa mtu heshima ipasayo kitu. Deni lipo, ila si kwa kitu. Ni kwa watu waliosimama nyuma ya kitu na mbele yake. Nao, kwa kadiri tuonavyo, ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule aliyekitengeneza. Ndani ya kila chombo kizuri imo sehemu ya maisha ya mtu, saa ambazo hatazipata tena. Alilipwa mshahara, ni kweli. Lakini mshahara haumalizi deni lote, kama vile ada ya shule haimalizi deni la mwanafunzi kwa mwalimu wake. Kukitumia chombo mpaka nguvu zake ziishe ni namna ya kumshukuru aliyekitengeneza vema. Kukitupa kikiwa na nguvu bado, kwa kuwa tu tumechoka kukitazama, ni kumwambia, ingawa hatusikii, "Kazi yako ilikuwa bure."

Wa pili ni yule atakayekuja baada yetu. Vitu vichache sana ni vyetu kwa ukamilifu. Shamba, nyumba, kitabu, hata jembe, vilikuwa kabla yetu au vitakuwa baada yetu, nasi tumo katikati kama mtu aliyeachiwa funguo. Kibodi iliyowekwa skrubu leo yaweza kumfaa kijana ambaye hajazaliwa.

Wa tatu ni yule akaaye karibu na jaa. Tunapotupa kitu twasema, "Nimekiondoa." Kumbe hatukukiondoa, tumekihamisha tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha ya kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha takataka za vyombo vya umeme zipatazo tani milioni 62, na kwamba ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kusindikwa upya kwa utaratibu ufaao. Zilizobaki zilikwenda wapi? Nyingine zalala madrooni, nyingine zimefukiwa, nyingine zimechomwa mahali ambapo watoto hupita. Ndiyo sababu Mapatano ya Basel ya mwaka 1989, yahusuyo kusafirisha takataka za hatari toka nchi hata nchi, yalirekebishwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 takataka zote za vyombo vya umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, hazipaswi kuvushwa mpaka bila ya nchi izipokeayo kuarifiwa na kukubali kwanza. Sheria hiyo ni njema. Lakini haikuhitajika ila kwa kuwa watu wengi, kila mmoja kwa chombo chake kimoja, walisema, "Nimekiondoa."

Bei ya kitu kipya, basi, si gharama yake yote. Sehemu nyingine ya gharama hulipwa na mtu ambaye hakununua cho chote.

Hapa twasikia watu wakitupinga, na pingamizi lao lina nguvu. Wasema, "Mnamlaumu mnunuzi, na kosa ni la mtengenezaji. Ni nani aliyechagua ribiti za plastiki zisizofunguka? Si yule yule mnayetutaka tumshukuru?" Ni kweli. Ribiti ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi na ya haraka kiwandani. Aliyeichagua hakuwa mwovu. Yamkini hakufikiri ya kwamba mtu atakuwa akiitumia kazi yake miaka arobaini baadaye. Lakini yatupasa kuona tofauti iliyopo kati ya ribiti na skrubu. Skrubu yamwambia yule ajaye, "Nifungue ukitaka, utazame, urekebishe, unifunge tena." Ribiti haimwambii neno. Anayefunga kitu kwa namna isiyofunguka amekata shauri kwa niaba ya watu wote watakaokuja, ya kwamba kazi yake haitahitaji kusahihishwa. Hilo ni kubwa mno kwa binadamu kulisema.

Wala hatutaki mfano huu uvutwe kupita kiasi. Yako mafungamano katika maisha ya watu ambayo uzuri wake ni kutofunguka, na si kila kitu chafaa kiwe na skrubu. Twasema juu ya vyombo. Chombo hakikuahidiwa milele. Kiliahidiwa kazi, na kazi huhitaji kutengenezwa. Kwa hiyo wenye viwanda wana wajibu wa kuacha mlango wazi: wauze vipuri, waeleze jinsi ya kufungua, wasifunge kwa gundi kile kiwezacho kufungwa kwa skrubu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la kuwalazimisha watengenezaji wa vyombo fulani, kama mashine za kufulia, majokofu na simu, wakubali kuvitengeneza kwa bei ya haki. Kibodi hazimo katika orodha hiyo, lakini maana yake ni ile ile. Nako Kentucky, tangu mwaka 1996, kampuni ya Unicomp imeendelea kutengeneza kibodi za namna ya Model M na kuuza vipuri vyake, baada ya kampuni ya Lexmark, iliyotengwa kutoka IBM mwaka 1991, kuacha kazi hiyo. Basi haiwezi kusemwa ya kwamba kuhudumia kilicho cha zamani ni jambo lisilowezekana katika biashara.

Tumekwisha kumsifu atengenezaye. Sasa haki yatutaka tumwonye pia, kwa kuwa kazi yake ina vishawishi vyake.

Kishawishi cha kwanza ni kukipenda kitu kupita kipimo. Wapo watu waliokusanya kibodi za zamani kumi, ishirini, zimejaa rafuni, wala hawaandiki hata barua moja kwa ndugu zao. Kibodi iliumbiwa maneno. Chombo kilichotengenezwa kikakaa bila kazi hakina tofauti kubwa na chombo kilichovunjika. Na mtu anayekisifu chombo cha kuandikia huku hana la kumwandikia mtu, yampasa ajiulize ni nini hasa alichokitengeneza.

Kishawishi cha pili ni kuua kimoja ili kuponya kingine. Vitufe vya kibodi hizi za zamani ni vya plastiki ngumu, na herufi zake zimeingizwa ndani ya plastiki yenyewe kwa rangi na joto, hivi hata hazifutiki upesi. Kwa ajili ya ubora huo wako wanaonunua kibodi nzima, wakazing'oa vitufe vyake kuviuza mbali, na mwili wakautupa. Kuchukua kipuri katika kile kisichopona tena ni busara. Kukivunja kizima kwa ajili ya faida, kisha kujiita mtunzaji wa vitu vya kale, ni kujidanganya.

Kishawishi cha tatu ndicho kibaya zaidi, nacho ni udanganyifu. Tukae hapa kidogo.

Gamba la plastiki, hasa ile iitwayo ABS, hugeuka manjano kwa miaka mingi ya mwanga. Mafundi hujua kulipaka dawa ya peroksaidi na kulianika juani, likarudi weupe wake. Hakuna dhambi katika kuosha. Lakini weupe huo si ujana, wala hautoi nguvu ndani. Anayemwambia mnunuzi, "Tazama, haikutumika sana," huku akijua ya kwamba ameisafisha jana, ameiba kwa ulimi kama vile mwingine aibavyo kwa mkono.

Na kuna jambo la siri zaidi ya hilo. Tufikiri fundi ameletewa kibodi na mzee aliyeitumia maisha yake yote ya kazi. Fundi ametoboa visiki karibu vyote salama. Katika safu ya chini, ambako nafasi ni finyu, keekee yateleza, nayo yatoboa ukuta wa mwanzi mmoja. Ni tundu dogo, limo chini ya kitufe kisichobonyezwa ila mara chache. Fundi akirudisha kitufe, hakuna jicho litakaloliona. Kibodi italia, mzee atashukuru, atalipa. Labda hakitatokea cho chote kamwe. Labda baada ya miaka mitano ufa utaanzia hapo, na mzee atasema, "Basi, imezeeka kama mimi."

Je, fundi aseme?

Mwenye hesabu za faida na hasara atamwambia anyamaze. Akisema, mzee atahuzunika, imani yake kwa fundi itapungua, pengine ujira nao utapungua. Na tundu halitazibika kwa maneno. Akinyamaza, wote wawili watalala vizuri. Mbona basi dhamiri yake haitulii?

Haitulii kwa sababu kile alichokabidhiwa na mzee hakikuwa kibodi tu. Alikabidhiwa kwanza macho yake. Mwenye chombo hawezi kuona ndani. Ndiyo maana akaja kwa fundi. Alimwambia, bila kutamka, "Tazama kwa niaba yangu, uniambie ulichokiona." Mtu aliyeazimwa macho ya mwenzake hana ruhusa ya kuyafumba panapomfaa mwenyewe. Fundi akinyamaza, tundu limehama kutoka katika mwanzi likaingia katika maneno yake, na kila atakalomwambia mzee tangu siku hiyo lina ufa usioonekana. Mwanzi wa plastiki hubeba kamani moja. Neno la fundi hubeba kazi yake yote.

Basi aseme. Aseme kwa adabu na kwa ufupi: "Mzee wangu, niwie radhi, nimeteleza hapa. Kazi inaenda, lakini ujue palipo na udhaifu." Apunguze ujira wake ikiwa ni haki. Mzee ataamua mwenyewe. Kibodi ni yake. Na twaamini ya kwamba wazee wengi, baada ya kusikia hayo, watamrudia fundi huyo huyo siku nyingine, si kwa kuwa hakosei, bali kwa kuwa akikosea watajua.

Jambo hilo latuongoza katika swali la kale sana. Mwandishi Plutarch asimulia ya kwamba Waathene waliitunza merikebu ya Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakaanza kubishana: je, hii ni merikebu ile ile, au ni nyingine? Kibodi yetu yaleta ubishi huo mezani. Ribiti zimeondoka, skrubu zimeingia. Kesho matandiko ya umeme yataharibika kwa maji yaliyomwagika, yatatiwa mapya. Keshokutwa kamani kadhaa zitapata kutu. Siku moja hakitabaki cho chote kilichotoka kiwandani ila gamba. Je, mzee bado ana kibodi yake?

Sisi hatudhani ya kwamba jibu limo katika kuhesabu vipande. Mto wa Rufiji haukai na maji yale yale hata kwa saa moja, nasi hatusemi umekuwa mto mwingine. Mwili wa mwanadamu nao hujijenga upya, wala hatumwiti mtu kwa jina jipya. Kinachokifanya chombo kuwa kile kile ni kazi yake, na umbo liifanyalo kazi hiyo, na mfululizo wa mikono iliyokitunza bila kukatika. Lakini katika mambo ya kuuza na kununua, swali si la wanafalsafa tena. Ni la ukweli. Muuzaji anaweza kuamini moyoni kwamba ni kibodi ile ile. Hata hivyo yampasa aseme kipi ni cha zamani na kipi ni kipya, maana mnunuzi ana haki ya kulijibu swali la Theseus mwenyewe.

Na tena, kutengeneza kwa kweli hubadilisha. Ribiti ikikatwa hairudi. Wako wanaosikitika kwa hilo, wasema kitu cha kale kiachwe kama kilivyo, ama sivyo si cha kale tena. Twawasikia. Kama ni kitu cha makumbusho, wana haki. Lakini chombo cha kazi kisichofanya kazi kimekwisha badilika kupita mabadiliko yote. Fundi atiaye skrubu amekata kitu kisichorudi, ila amekikata mara moja, ili yule ajaye asihitaji kukata tena. Kwake bisibisi itatosha. Twaona hicho ni kipimo kizuri cha matengenezo yo yote, yawe ya kibodi, ya nyumba, au ya desturi: je, anayekuja nyuma atakuta mlango wazi zaidi, au umefungwa zaidi?

Imebaki neno moja, nasi twalisema ili tusimbebeshe mtu mzigo asiostahili. Si kila kilichovunjika chapaswa kutengenezwa. Mama mwenye watoto wanne hana saa nyingi za kurudisha kamani, na hakosi akinunua kilicho rahisi. Muda wake nao ni kitu cha thamani, wala hautengenezeki ukiisha potea. Tena, wahenga walisema, "Cha kuvunda hakina ubani." Kipo kiwango cha kuoza ambapo kutengeneza ni kukataa tu kuaga. Mwenye busara hujiuliza: kazi ya chombo hiki yahitajika bado? Uzima wake umo zaidi ya uharibifu wake? Ninaye mtu wa kumpa nikiisha kukitumia? Akijibu "la" mara tatu, na akiage kwa amani, akipeleke mahali pake panapostahili, wala asikitupe bondeni kwa watu wengine.

Lakini tuwe wakweli: mara nyingi hatufiki katika maswali hayo. Twatupa kwa uvivu, kisha twauita uvivu huo maendeleo. Na ubaya wa mazoea hayo ni kwamba hayakai kwa vitu peke yake. Mkono uliojifunza kwamba kila kilichopasuka ni cha kutupwa utakuwa mzito kuinuka ulipopasuka urafiki, ulipochoka mfanyakazi, ulipopungukiwa nguvu mzazi. Na mkono uliokaa saa nyingi juu ya meza, ukirudisha kinyundo kidogo mahali pake kwa mara ya tatu bila kulaani, umejifunza kitu ambacho utakihitaji mahali pengine.

Ndugu msomaji, kitazame leo kitu kimoja nyumbani mwako kilichovunjika na kuwekwa pembeni. Huenda ni redio, saa, kiti, au baiskeli. Kabla ya kukitupa, kifungue. Ukiona ya kuwa hakifunguki, jiulize ni nani aliyetaka iwe hivyo, na siku utakaponunua kingine umwulize muuzaji swali hilo. Ukiona chafunguka, mwite mtoto aketi karibu nawe, umwonyeshe kilichomo. Hata usipofaulu kukitengeneza, yeye atakuwa ameona ya kwamba ulijaribu.